"Kama nilivyopokea" si kinga: tujadili namna ya kuhakiki habari kabla ya kuisambaza

Kalamu Tulivu (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Nimeleta mada hii kwa sababu ya kauli moja tunayokutana nayo kila siku kwenye makundi: "kama nilivyopokea". Mtu anatuma tangazo la kifo, au dawa inayotibu kila ugonjwa, au onyo kuhusu watekaji, halafu anamalizia na kauli hiyo kana kwamba inamvua lawama. Haimvui. Aliyepokea kutoka kwako hamjui mwandishi wa kwanza. Anakujua wewe, na anaamini kwa sababu ni wewe uliyetuma.

Nitatoa mfano mmoja unaoonyesha uzito wa jambo hili.

Mwaka 2018 nchini India zilienea kwa WhatsApp jumbe zilizodai kwamba magenge ya wezi wa watoto yameingia mitaani. Pamoja nazo ilizunguka video ya wanaume wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Video yenyewe haikuchorwa na kompyuta, na watu wale walikuwa watu kweli. Ila kilikuwa kipande cha filamu fupi ya kampeni ya usalama wa watoto iliyotengenezwa Karachi, Pakistan. Katika filamu kamili, wanaume wale wanamrudisha mtoto na kuonyesha bango la kuwaasa wazazi wawe makini. Kuna mtu aliikata sehemu hiyo ya mwisho, akaandika maelezo mengine, akaiachia.

Kilichofuata ni wapita njia kuvamiwa na umati katika majimbo kadhaa. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, watu watano waliuawa siku moja wakidhaniwa kuwa wezi wa watoto.

Fikirieni mnyororo wa wale waliosambaza. Wengi wao hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Walikuwa wazazi, majirani, dada na kaka waliotaka watoto wawe salama. Ndiyo maana siamini kwamba nia njema inatosha. Uzushi unaosafiri mbali zaidi ni ule unaobebwa na watu wema.

WhatsApp wenyewe walilazimika kuchukua hatua. Waliweka kikomo cha kutuma ujumbe mmoja kwa mazungumzo matano kwa mpigo, kwanza India mwaka 2018, kisha dunia nzima Januari 2019. Aprili 2020 wakabana zaidi: ujumbe uliokwisha kupitia mikono mingi (ule wenye mishale miwili) unaweza kutumwa kwa mazungumzo moja tu kwa wakati. Kampuni ilieleza baadaye kwamba jumbe za aina hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyezuiwa kutuma. Mtu aliongezewa kazi kidogo ya kidole, na sehemu kubwa ya mafuriko ikakatika. Maana yake ni kwamba wengi hatusambazi kwa sababu tumesadiki. Tunasambaza kwa sababu ni rahisi.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wakitaka kuhakiki, wanaukodolea macho ujumbe wenyewe: umeandikwa vizuri? Una nembo? Unataja daktari? Hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu mtungaji wa uzushi alijiandaa kwa macho hayo hayo. Namna nzuri ni kuuacha ujumbe, kutoka nje yake, na kuuliza: nani alisema haya kwanza, lini, na nani mwingine asiyehusiana naye amesema hivyo hivyo?

Hili limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi wa chuo hicho 25. Waliwapa tovuti wazikague. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakisoma ukurasa kwa makini kutoka juu hadi chini, na mara nyingi nembo na lugha ya kitaalamu viliwahadaa. Wahakiki waliiacha tovuti baada ya muda mfupi sana, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuona wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti hiyo. Walifikia jibu sahihi kwa haraka zaidi, na walikuwa wamesoma kidogo zaidi.

Hilo linanipa moyo. Kuhakiki hakuhitaji usomi mkubwa wala saa nzima. Kunahitaji kujua pa kuangalia. Karibuni tuchangie, hasa wenye uzoefu wa picha, afya na video.

---

Fundi Lenzi

Mkuu Kalamu, umegusa penyewe. Acha niongezee upande wa picha, kwa sababu huko ndiko ninakoshinda.

Picha nyingi zinazopotosha hazijachezewa. Ni picha halisi zilizopewa maelezo ya tukio jingine. Mafuriko ya miaka kumi iliyopita yanarudi kuwa mafuriko ya jana. Vita vya nchi moja vinahamishiwa nchi nyingine. Kwa hiyo kuikagua picha kama imeunganishwa hakukusaidii sana. Muhimu ni kujua ilianza kuonekana lini.

Namna ya kufanya: iweke picha kwenye Google Lens au TinEye, programu ikutafutie kila mahali picha hiyo ilipowahi kuwekwa. TinEye ina nafasi ya kupanga majibu kuanzia ya zamani zaidi, na hiyo ndiyo ninayoitumia mno. Ukikuta picha ya "leo asubuhi" ilikuwepo mtandaoni miaka mitano nyuma, kazi imekwisha. Kwa video, isimamishe sehemu tatu nne tofauti zenye kitu cha kutambulika (jengo, bango, mlima), piga picha ya skrini, tafuta kila moja.

Kuna ile picha maarufu ya papa anayeogelea barabarani kando ya gari wakati wa mafuriko. Papa huyo yupo kweli: alipigwa picha Afrika Kusini na mpigapicha Thomas Peschak, akiwa nyuma ya mtu kwenye mtumbwi mdogo, na picha ikachapishwa mwaka 2005. Mtu akamkata papa akambandika kwenye barabara iliyofurika. Mwaka 2011 ikasambaa kama tukio la Puerto Rico wakati wa kimbunga Irene. Mwaka 2017 ikaibuka tena kama tukio la Houston wakati wa kimbunga Harvey. Kila kimbunga kikubwa kinamfufua, na kila mara wapo wanaomwona kwa mara ya kwanza.

Jambo moja zaidi. Kuna wanaosema "nitaangalia taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, zitaniambia ilipigwa lini na wapi". Kwa picha iliyokuja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida usijisumbue. WhatsApp huziondoa taarifa hizo inapobana picha. Utakuta patupu, na patupu hapo si ushahidi wa uongo wala wa kweli.

---

Nahodha77

Wakuu, naheshimu mnachosema, lakini niseme upande wa pili. Sisi wengi si waandishi wa habari. Ujumbe ukija unasema kuna hatari mahali fulani, nikianza kutafuta picha na kusoma tovuti tatu, huenda ndugu yangu yuko njiani kuelekea huko huko. Si bora nimtumie, kama ni uongo basi hajapoteza kitu?

---

Kalamu Tulivu (mleta mada)

Nahodha77, hoja yako ni ya maana na ndiyo inayowafanya watu wema wasambaze. Nakujibu kwa sehemu mbili.

Kwanza, "hajapoteza kitu" si kweli. Wale wa Rainpada walipoteza uhai kwa onyo la aina hiyo hiyo. Onyo la uongo linamwelekezea mtu fulani kidole, au linawatoa watu mahali salama na kuwapeleka pabaya. Na ukituma maonyo matano yasiyo na msingi, la sita la kweli litapuuzwa.

Pili, onyo la kweli lina maumbile yake. Linataja mahali kwa jina, tarehe na saa, mamlaka iliyolitoa, na linaeleza ufanye nini. Ujumbe unaosema "leo usiku", bila tarehe, utakuwa "leo usiku" hata ukizunguka miezi sita. Ujumbe unaosema "nina rafiki anayefanya kazi wizarani" haukupi mtu wa kumuuliza. Ukiona "tuma kwa watu wote unaowajua kabla hawajaufuta", hapo unaharakishwa, na anayekuharakisha anajua kwamba ukitulia hutatuma.

Kama una ndugu njiani, mpigie yeye. Mwambie umesikia nini na kwamba hujathibitisha. Huyo umemlinda. Kuutupa ujumbe kwenye kundi la watu mia mbili ni jambo tofauti kabisa.

Na hata chanzo kikubwa kinahitaji cha pili. Tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press iliandika kwamba kumetokea milipuko miwili Ikulu ya Marekani na Rais Barack Obama amejeruhiwa. Akaunti ilikuwa yao kweli, ila ilikuwa imedukuliwa. Kwa dakika chache kipimo cha Dow Jones cha soko la hisa la New York kilishuka kwa takriban pointi 140, kisha kikarudi taarifa ilipokanushwa. Kilichoweza kumwokoa mtu ni swali moja: Ikulu ile ina waandishi wa vyombo vingi wanaokaa pale pale, mbona wengine wote wako kimya? Tukio kubwa halina shahidi mmoja.

---

Nesi wa Zamu

Asante mleta mada. Mimi niko upande wa afya na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu mgonjwa anakuja akiwa amekwisha kufanya alichoambiwa na simu.

Mwanzoni mwa korona, mwaka 2020, nchini Iran ulienea uvumi kwamba kunywa kileo kunaua virusi. Kwa kuwa kileo kimepigwa marufuku huko, watu walikunywa pombe haramu zilizokuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Mamia walikufa na wengine wakapofuka. Na uvumi ule ulijengwa juu ya kitu cha kweli: alkoholi inaua virusi mikononi. Uongo wa afya huwa hivyo. Kipande cha kweli kinatangulia, na msomaji akishakitambua, anameza na kilichobaki.

Halafu kuna "utafiti umeonyesha". Nawaomba mkiona maneno hayo muulize: utafiti upi, ulifanywa kwa watu au kwa panya, walikuwa wangapi, na nani mwingine ameurudia akapata jibu lile lile?

Mwaka 1998 jarida la Lancet, ambalo ni jarida kubwa kabisa, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12 tu. Baadaye ikabainika kwamba kazi ile ilikuwa na kasoro nzito za kimaadili na za kitaalamu. Lancet wakaiondoa rasmi Februari 2010, na mwaka huo huo Wakefield akafutwa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Denmark uliofuatilia watoto 657,461, na haukuona chanjo hiyo ikiongeza hatari ya usonji. Lakini mpaka leo ninaletewa makala ile ya watoto 12 kwenye simu, na anayenionyesha ni mama mwenye hofu ya kweli kwa mwanawe. Simlaumu. Nakaa naye, namweleza.

Kwa hiyo naongeza swali moja kwenye yale ya Kalamu: baada ya kujua nani alisema kwanza na lini, angalia kilitokea nini baadaye. Taarifa inaweza kuwa ilichapishwa kweli, na mahali pa heshima, kisha ikafutwa.

---

Msomi Mtulivu

Naunga mkono hoja. Kuna utafiti unaoeleza kwa nini kazi hii ni ngumu, niuweke hapa kwa faida ya wengi.

Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017 na watu takriban milioni tatu. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli. Habari ya kweli ilichukua muda wa takriban mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Wengi walidhani kosa ni la roboti za mtandaoni. Watafiti walipoziondoa roboti kwenye hesabu, pengo lilibaki pale pale. Wanaoupa uongo mbio ni watu. Uongo huwa mpya masikioni, unashangaza na unachukiza, na kitu cha namna hiyo mtu hutamani awe wa kwanza kukitoa.

Pia kuna kazi ya Gordon Pennycook, David Rand na wenzao, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2021. Waligundua kwamba watu wengi wana uwezo mzuri wa kutofautisha kichwa cha habari cha kweli na cha uongo wakiulizwa, ila wakati wa kusambaza hawajiulizi. Walipowaomba tu watu wapime ukweli wa kichwa kimoja cha habari, ubora wa walichosambaza baada ya hapo ulipanda. Kwa hiyo si kweli kwamba "watu wetu hawana akili". Akili ipo, ila haijaitwa. Naomba tuache kuwadharau wanaosambaza, maana dharau haijawahi kumfanya mtu aulize swali.

Ongezeni na hili: uongo ukirudiwa mara nyingi unaanza kusikika kama kweli, hata kwa mtu aliyeukataa mara ya kwanza. Lynn Hasher na wenzake walilionyesha jambo hilo tangu mwaka 1977, kabla ya mitandao hii yote. Ndiyo maana ujumbe ule ule ukifika kutoka makundi manne, unahisi umepata mashahidi wanne. Hujapata. Ni shahidi mmoja aliyenakiliwa.

---

Binti Hoja

Naomba kuuliza. Skrinishoti je? Siku hizi watu hawatumi kiungo, wanatuma picha ya kile kilichoandikwa na waziri au gazeti fulani, na jina na picha ya mwenye akaunti vinaonekana kabisa.

---

Fundi Lenzi

Dada Binti Hoja, skrinishoti ichukulie kama maandishi ya mtu asiyejulikana. Kutengeneza andiko la uongo lenye jina na picha ya mtu mashuhuri ni kazi ya dakika moja. Nenda kwenye akaunti yenyewe uitafute kauli hiyo. Kama haipo, mtu atakwambia "ameifuta". Inawezekana. Basi angalia kama vyombo vya habari viliinukuu kabla haijafutwa, au kama ilihifadhiwa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Huko unaweza kuona ukurasa ulivyokuwa tarehe fulani, mradi kuna aliyeuhifadhi. Kauli ya kiongozi mkubwa ikifutwa huwa yenyewe ni habari, na waandishi hawaiachi.

Hata ukipewa kiungo, soma anwani mpaka mwisho. Septemba 2022 shirika la EU DisinfoLab lilianika kampeni iliyopewa jina la Doppelganger, iliyonakili sura za tovuti za magazeti makubwa ya Ulaya kama Der Spiegel, Bild na The Guardian. Nembo, rangi na mpangilio vilikuwa vile vile. Tofauti ilikuwa kwenye anwani, hasa ile sehemu ya mwisho baada ya nukta. Ukitilia shaka, usibofye ulicholetewa. Andika mwenyewe anwani ya gazeti, kisha itafute habari hiyo humo ndani.

---

Jicho la Tatu

Mimi naona tunakosea kitu kimoja. Tukifundishana kushuku kila kitu, tutafika mahali mtu anaonyeshwa ukweli mchungu anasema "hiyo feki". Wakubwa wanapenda sana tufike huko.

---

Kalamu Tulivu (mleta mada)

Jicho la Tatu, umesema jambo ambalo nilitaka lifikiwe. Kuhakiki kuna kazi mbili, na ya pili tunaisahau: kuthibitisha kilicho kweli ili kisizikwe.

Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wawili pembeni ya njia ya vumbi, wakawafunga macho, wakawapiga risasi. Ilisemekana ni Kamerun. Serikali ya huko ikakanusha, ikaiita habari ya uongo. Mtu mwenye shaka za jumla jumla angeishia hapo: wengine wanasema hivi, wengine vile, basi hatujui.

Timu ya BBC Africa Eye haikuishia hapo. Walichukua umbo la safu ya milima iliyoonekana nyuma, wakaioanisha na mahali halisi karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kamerun. Wakalinganisha nyumba, miti na njia na picha za setilaiti. Jengo lililoonekana kwenye video lilikuwepo kwa kipindi fulani tu kwenye picha hizo, na hilo likawapa mwaka. Urefu na mwelekeo wa vivuli vya wanajeshi, waliouchukulia kama saa ya jua, ukawasaidia kukisogeza kipindi hicho mpaka kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Silaha na sare zikaonyesha ni za jeshi gani. Serikali ilibadili msimamo, wanajeshi wakakamatwa, na mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ikawahukumu wanne kifungo cha miaka 10.

Video ile ilikuwa kweli, na ilihitaji watu wenye subira ili isifukiwe kwa neno "feki". Kwa hiyo ninapowaomba mhakiki, siwaombi mshuku kila kitu. Anayekataa vyote bila kuangalia hajahakiki zaidi ya anayekubali vyote.

---

Nahodha77

Hapo nimekuelewa mkuu. Sasa hii akili mnemba inayotengeneza picha na sauti, mtu wa kawaida ataigunduaje? Zamani tuliambiwa tuhesabu vidole.

---

Fundi Lenzi

Vidole sahau. Programu zinaboreka kila kukicha, na alama uliyoizoea leo kesho haipo. Ukimfundisha mtu kuhesabu vidole, picha ya uongo yenye vidole vitano ataiamini kuliko asiyefundishwa.

Njia inayodumu ni ile ile ya mleta mada. Tarehe 22 Mei 2023 ilisambaa picha ya moshi mweusi karibu na Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani. Ilisambazwa hata na akaunti zenye tiki ya bluu, mojawapo ikijifanya ni ya chombo cha habari kinachojulikana. Hisa ziliyumba kidogo kwa muda mfupi, mpaka kikosi cha zimamoto cha Arlington kilipotoa taarifa kwamba hakuna mlipuko wowote. Wahakiki hawakuhitaji mashine ya pekee. Waliona kwamba jengo la kwenye picha halifanani na jengo lenyewe, na kwamba eneo lenye watu wengi kiasi kile halikuwa na picha nyingine hata moja kutoka pembe nyingine. Tukio halisi mchana kweupe mjini hupigwa picha na simu kadhaa. Picha moja peke yake ni sababu ya kusubiri.

Sauti ni ngumu zaidi. Ukipokea sauti ya mtu unayemfahamu akiomba fedha au akitoa habari nzito, kata, umpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Ikiwa ni ya kiongozi, swali ni lile lile: alisemea wapi, mbele ya nani, nani mwingine alirekodi?

Pia msijifanyie kila kitu wenyewe. Kuna wanaofanya kazi hii kila siku: AFP na Reuters wana madawati ya uhakiki, Africa Check ipo tangu mwaka 2012, PesaCheck huandika pia kwa Kiswahili. Andika maneno makuu ya uvumi kwenye kitafutio, ongeza neno "uongo" au "ukweli". Mara nyingi utakuta mtu alishaifanya kazi.

---

Binti Hoja

Swali langu la mwisho. Anayesambaza kwenye kundi la familia ni baba mkubwa. Namheshimu, na nikimkosoa mbele ya wote nitaonekana sina adabu. Nikinyamaza, watoto wanasoma. Nifanyeje?

---

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, mfuate pembeni. Mtumie yeye peke yake, na uanze kwa kutambua nia yake: "Shikamoo baba mkubwa. Nimeona ule ujumbe, najua unatujali. Nimejaribu kuufuatilia nikakuta hivi." Kisha mpe ulichokikuta, kifupi, na kiungo. Usimpe hotuba ya mitandao. Umwache yeye mwenyewe arudi kwenye kundi kuwaambia. Wazee wengi wakipewa nafasi hiyo wanaitumia, na neno lake litasikilizwa kuliko lako.

Ila kama ujumbe ni wa dawa inayoweza kumdhuru mtu leo, usisubiri. Andika pale pale kwenye kundi, kwa heshima, bila kumtaja: "Jamani, dawa hii msiitumie, ina hatari hii na hii." Adabu haizidi uhai.

Na usiishie kusema "si kweli". Mpe mtu kilicho kweli badala yake. Ukimwondolea maelezo bila kumpa mengine, kesho atarudia yale yale, maana ndiyo pekee aliyo nayo.

---

Kalamu Tulivu (mleta mada)

Nesi amemaliza. Naongeza la kiufundi tu kwa anayekwenda kusahihisha, kwa sababu naona watu wanaharibu hapo hapo.

Sahihisha mahali pale pale uongo ulipowekwa, kundi lile lile, na usiutume tena ule uongo ukiwa mzima. Mtu anaandika "hii picha ni ya uongo" na anaiambatisha picha safi. Anayefuata anaichukua picha, maelezo anayaacha. Ukilazimika kuionyesha, ifungue kwenye simu, chora mstari mnene kutoka kona hadi kona na uandike UONGO juu ya picha yenyewe, katikati, mahali ambapo haiwezekani kukata bila kuiharibu. Weka na tarehe halisi ya picha na mahali ilipopigwa. Kama wewe ndiye uliyeutuma, ufute kwa wote pia. WhatsApp wanaruhusu kufuta kwa wote kwa zaidi kidogo ya siku mbili. Nakala zilizokwisha kwenda makundi mengine hazitafutika, kwa hiyo waombe uliowatumia wapeleke na marekebisho kule walikoufikisha.